Msaada: Windows inaziona faili zangu za sauti lakini inakataa kuzifungua

Kanda_za_Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijachanganyikiwa.

Nilikuwa Kilosa wiki tatu nikirekodi wazee wafugaji kwa ajili ya tasnifu yangu. Kila jioni nilihamisha sauti kutoka kwenye simu kwenda kwenye diski ya nje kwa kutumia laptopu ya rafiki yangu, yenye Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows). Ya kwangu, yenye Windows, niliiacha nyumbani. Majina ya faili nilikuwa naandika mwenyewe, mfano:

Mzee wa Kimamba saa 4:30.mp3
Ng'ombe na mashamba: sehemu ya 2.mp3

Nimerudi, nachomeka diski kwenye Windows, faili naziona zote kwenye orodha, 43. Nikibofya, nyingi zinagoma. Mara jina si sahihi, mara faili haipo. Haipo vipi na mimi naitazama? Kubadili jina inakataa, kunakili inakataa, hata kufuta nilijaribu moja isiyo na maana, ikakataa. Zinazofunguka ni 9 tu.

Kuna na folda niliyoiita "Kisima ni cha nani?" ambayo haiingiliki kabisa, wakati faili za ndani nilizipa majina mafupi tu: kisima1, kisima2. Kwa rafiki yangu zote zilikuwa zinacheza vizuri. Ndiyo diski imekufa? Tasnifu yangu yote imo humo.

DogoJanja_Temeke
Pole mkuu. Hiyo ni virusi. Formati uanze upya.

MamaLeila
We dogo, aformati mahojiano ya wiki tatu? Mleta uzi, usiguse kitu kwanza.

Mimi nashuku hiyo ng'. Ofisini kwetu mfumo wa zamani ulikuwa ukiona ritifaa kwenye jina unakwama. Barua zote za Nyang'hwale tulikuwa tunaziandika Nyanghwale.

FundiWaya
Mama Leila yuko karibu, ila ritifaa safari hii haina kosa. Windows inaipokea. Inayosumbuliwa na ritifaa ni mifumo iliyoandikwa vibaya, kama huo wa ofisini kwenu.

Mkuu, hebu angalia hizo 9 zinazofunguka. Nabashiri hazina saa wala alama ya kuuliza kwenye jina.

Kanda_za_Kilosa
Duh. Kweli. Ni zile nilizoandika "saa nne kamili" kwa maneno. Na mojawapo ina ng'ombe, imefunguka bila shida.

FundiWaya
Basi diski yako ni nzima, haina ugonjwa. Windows inakataa alama tisa kwenye jina la faili au folda:

\ / : * ? " < > |

Ubuntu inakataa mkwaju / tu kati ya hizo. Kwa hiyo ulipoandika 4:30, Ubuntu ikaona sawa na kuliweka jina kama lilivyo. Windows ikiisoma diski, orodha inaionyesha, lakini ukisema "fungua hii" inakagua jina kwanza. Nukta pacha kwake ina kazi nyingine tangu enzi za DOS, mfumo wa kabla ya Windows: kutaja diski, kama C: na D:. Nyota na alama ya kuuliza ni za kutafutia kundi la faili kwa mpigo. Jina linakataliwa mlangoni kabla hata sauti haijaguswa.

Hiyo folda ya kisima ni hadithi ileile. Ili kufika kisima1 lazima Windows ipite kwenye jina la folda, nalo lina alama ya kuuliza.

Mpwani_Kisauni
Kuna njia ya mkato. Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri la Windows), ingia kwenye hiyo diski, andika dir /x. Itakuonyesha jina fupi la kila faili, kitu kama MZEEWA~1.MP3. Tumia hilo kwenye ren, amri ya kubadili jina, ubadilishe.

Kanda_za_Kilosa
Nimejaribu kaka. Safu ya majina mafupi iko tupu kwa zote zinazogoma.

FundiWaya
Ndivyo inavyokuwa. Jina fupi Windows hulitunga yenyewe inapoumba faili, na hizi ziliumbwa na Ubuntu. Aliyefunga fundo ndiye atalifungua: rudi Ubuntu.

Kanda_za_Kilosa
Rafiki yuko Dodoma na laptopu yake.

FundiWaya
Huhitaji ya kwake. Pakua Ubuntu, iweke kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, washa laptopu yako kupitia flashi hiyo, uchague kuijaribu bila kuisakinisha. USICHAGUE kusakinisha, Windows yako inaweza kufutwa.

Kwanza nakili kila kitu mahali pengine. Halafu kwenye folda, Ctrl+A, kisha F2. Litatokea dirisha la kubadili majina mengi kwa pamoja: tafuta alama ya : na mahali pake weka kistari. Rudia kwa ? na alama za kunukuu. Folda zenyewe usizisahau. Diski ikikataa kuandikwa, huenda uliichomoa Windows bila kuitoa salama. Irudishe huko, itoe vizuri, ndipo ujaribu tena.

Mtafiti_Mwenzio
Naongezea moja. Kama ulishaanza kunukuu mahojiano kwenye ELAN (programu ya kuandika yanayosemwa kwenye sauti), faili ya maandishi inakumbuka jina la zamani la sauti. Ukibadili itakuuliza sauti iko wapi, uionyeshe jina jipya. Nilishtuka siku yangu, nikadhani nimepoteza kazi ya miezi.

Na tarehe anza na mwaka, 2024-03-12, zitajipanga zenyewe. Saa andika 0430 au 1030, ila chagua moja. Simu yako inasema 10:30, wewe unasema saa nne na nusu, mwaka kesho hutajua ipi ni ipi.

Kanda_za_Kilosa
MREJESHO: 43 zote zimefunguka, na za kisima pia. Mbili ziligombania jina moja baada ya kubadilishwa, nikazitofautisha kwa mkono. Hilo la saa limenikuta kweli, nina "saa 6:15" mbili na sasa nazisikiliza upya nikitafuta jogoo.