Sare za sherehe hapa Dar, wenzangu mnafanyaje?

Mama Tabata
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana nimechoka kwa kweli. Hapa Dar sasa hivi ukiwa na ndugu, majirani na watu wa kazini basi kila mwisho wa mwezi kuna kichen pati au sendofu na kila moja ina sare yake. Hii inayokuja kamati imetangaza lesi ya zambarau, kitambaa 85,000 na lazima uchukue kwa dada mmoja waliyemchagua wao Kariakoo, hata ukikiona duka la pili kwa bei ya chini huruhusiwi, hapo bado fundi, bado kilemba, bado mchango wa shughuli yenyewe. Na gauni nikishalivaa siku ile basi, siendi nalo ofisini wala kanisani maana kila akiliona mtu anajua hiyo sare ya kwa fulani. Kabati limejaa na asubuhi sina cha kuvaa. Nikisema sinunui naonekana simpendi bibi harusi, na nampenda jamani, huyu mtoto nimemlea.

Zulfa wa Mombasa
Pole dadangu, ila hili si la leo. Bibi zetu huku walikuwa na vyama vya lelemama, ile ngoma ya wanawake, Ibinaal Watan na Banu Saada, wakishindana kwa sare na karamu mpaka wanaume wakalalamika pesa zaisha. Na hapo kwenu Bibi Titi Mohammed alikuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba, alipoingia TANU akapita kwa vikundi hivyo hivyo vya ngoma kuwakusanya wanawake. Kwa hivyo mimi sare siitupi, ukiivaa umeshasema mimi ni wa watu hawa, muuza mihogo na mke wa meneja siku hiyo ni kitu kimoja. Kinachowaumiza ni hizo lesi. Sisi twavaa leso, nyinyi mwaziita kanga, shughuli ikiisha kipande kimoja wajifunga ukipika, cha pili wambebea mtoto.

mjukuu_wa_singida
Bi Zulfa shikamoo, hapo kwenye kitu kimoja naomba nipinge. Kitambaa ni kimoja ila mshono sio, mwenye nazo anakuja na mkia unaburuta na shanga zimeshonwa kwa mkono mpaka mabegani. Na asiye na sare je? Nimeona kwa macho yangu shangazi wa bibi harusi katoka Singida usiku kucha kwenye basi, kavaa kitenge chake kisafi kimepigwa pasi, anaambiwa apishe hiyo meza ni ya wenye sare akakae kule karibu na jenereta. Shangazi wa damu! Iliniuma mpaka leo.

Fundi Buguruni
Nashona hizi sare kila wiki. Mama Tabata usishone gauni la kubana mpaka magotini, mwambie fundi wako atoe sketi na blauzi, ile sketi utaivalia blauzi nyeupe kazini na hakuna atakayeshtuka. Aache akiba inchi moja na nusu kwenye mishono ya pembeni, mafundi wengi wanakata wanapiga ovaloki karibu kabisa na uzi, ukinenepa kidogo nguo ndo imekufa. Na kitambaa kileteni mapema, mkileta Alhamisi mnataka Jumamosi bei lazima ipande maana nakesha. Kamati ambazo hazijanunua komaeni na kitenge, pea ni yadi 6, gauni linatoka na shati la mtoto linatoka.

Mama Tabata
Asanteni sana. Hii lesi nimeshalipia nitafanya kama fundi alivyosema. Hoja ya leso nimeipeleka kwenye grupu la shughuli ya mwezi wa 12, wawili wamekubali mwenyekiti bado kanyamaza, na la wageni wasio na sare kukaa popote nimeliandika pia. Fundi, bitana nyeusi inafaa?

Fundi Buguruni
Hapana, nyeusi itaififisha. Tafuta zambarau iliyokoza kidogo kuliko lesi yenyewe, nenda na kipande dukani ulinganishe nje kwenye jua sio kwenye taa.