Tupeane uzoefu: wanaotumia visimamizi vyepesi vya madirisha kwenye Linux

Salaam wanajamvi. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu visimamizi vyepesi vya madirisha, yaani zile programu ndogo zinazopanga na kusogeza madirisha bila kubeba eneokazi zima.

Naanza mimi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, na nilipokuwa natumia GNOME, ambayo ni eneokazi kamili, ilikuwa inaanza kukwama mara tu nifunguapo kivinjari. Nikahamia Openbox. Ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali popote patupu kwenye skrini, menyu inafunguka pale pale kilipo kishale, na zaidi ya hapo hakuna upau wala aikoni usiyoiweka mwenyewe. Njia za mkato za kibodi zimo katika faili la rc.xml na menyu imo katika menu.xml, kwa hiyo nikipata mashine nyingine nanakili folda moja tu, naandika openbox --reconfigure, na mazingira niliyoyazoea yanarudi yote. Hili nalithamini kuliko hata wepesi wenyewe, kwa sababu nilichokipanga hakipanguliwi na toleo jipya.

Mchangiaji wa pili: Ndugu mtoa mada, kwa kompyuta ya dukani mimi nimechagua IceWM, iliyoanza mwaka 1997. Ina upau wa chini na kitufe cha menyu pembeni, hivyo kijana anayenisaidia, aliyezoea Windows, alianza kazi bila kuelekezwa. Wageni wajue tu kwamba alama ya mtandao na ya sauti huenda ukalazimika kuziongeza mwenyewe kwa programu nyingine, kama vile nm-applet kwa mtandao.

Mchangiaji wa tatu: Natumia i3, na skrini ndogo ndiyo iliyonishawishi, maana madirisha yanajigawia nafasi yenyewe na mkono hauondoki kwenye kibodi. Mkuu, kuhusu Openbox kuna jambo la kuzingatia: imejengwa juu ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, ilhali mifumo mingi inahamia Wayland, ule mpya. Ukifika huko jaribu labwc, ambayo Raspberry Pi OS, mfumo wa kompyuta ndogo za Raspberry Pi, iliifanya chaguo-msingi mwaka 2024. Imeigwa kutoka Openbox na inatumia rc.xml na menu.xml za mtindo ule ule, kwa hiyo sehemu kubwa ya mipangilio yako utahama nayo.