Infilda wa Triple-A wanalelewa au wanafugwa? Nimechoka na hii "bado hajaiva"

Wakuu salaam. Mods, naomba msiunganishe huu uzi na ule wa NBA, hauhusiani kabisa. Na wale wa "besiboli ni mchezo wa wazee wanaotafuna karanga" wapite tu, leo sina muda nao.

Nina hasira. Ninakoishi huku Marekani kuna timu ya Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Jina silitaji, nina tiketi ya msimu mzima na bado naipenda. Pale kuna dogo, ni infilda, yaani mlinzi wa eneo la karibu na besi, vile vituo vya kukimbilia. Anacheza shotistopu, anasimama kati ya besi ya pili na ya tatu, mahali ambapo mpira unakuja kama umetumwa kukung'oa meno. Ana miaka 27 na huu ni msimu wake wa tatu pale pale. Mimi hukaa nyuma ya besi ya tatu, namwona vizuri. Kabla ya kila mrusho anasawazisha udongo mbele yake kwa ncha ya kiatu, halafu anainama kutoa vijiwe kimoja kimoja, utadhani mama anachambua mchele. Glavu yake ndogo, imechakaa, kiganjani imekuwa nyeusi tii. Mwezi uliopita mpira ulidunda vibaya ukaikwepa glavu. Akaudaka kwa mkono mtupu, akarusha huku anaanguka, na mtu akatolewa besi ya kwanza. Mrushaji wake alivua kofia.

Wiki iliyofuata infilda mmoja wa timu mama, ile ya ligi kuu inayowamiliki hawa wetu, akachanika msuli wa paja. Nikamwambia mama watoto, leo dogo anaondoka. Nikakesha na simu. Asubuhi nakuta wamempandisha mwenzake wa besi ya pili, ambaye mwezi mzima gongo lake lilikuwa linapiga upepo tu. Jioni dogo wangu yuko pale pale, anachambua mchele.

Mabosi wakaulizwa redioni kwa nini si dogo. Jibu: "Bado tunataka aive kidogo." Aive? Kwani ni ndizi?

Ukweli ni huu, na wao wanaujua. Yule wa besi ya pili jina lake tayari lilikuwa kwenye orodha ya watu 40, ambayo lazima uwemo ndipo uchezee ligi kuu. La dogo halimo. Kumwingiza maana yake nafasi iwepo, na kama haipo lazima mtu mwingine atolewe, na anayetolewa timu nyingine zinaweza kumnyakua. Kwa hiyo bosi anajisemea, huyu dogo haendi popote, ni wetu, akae tu. Kucheza vizuri hakuingii kabisa kwenye hiyo hesabu! Na yule aliyepandishwa simlaumu, naye wanamfanya yoyo. Kanuni za tangu 2022 zinaruhusu mchezaji kushushwa mara tano kwa msimu mmoja. Tano! Nyumba unapanga wapi hapo?

Halafu hesabu ya infilda ni mbaya kuliko ya wengine. Kikosi cha ligi kuu ni watu 26, warushaji wanaweza kufika 13, na karibu kila timu inajaza zote. Wanabaki 13. Tisa wanaanza. Benchi wanne, mmoja lazima awe mdakaji wa akiba, mwingine wa uwanja wa nyuma. Infilda anayejua besi zote anagombea kiti kimoja, vikizidi viwili. Mara timu 30. Na timu ikishampa shotistopu wake mkataba wa miaka kumi, aliye chini yake aombe nini, jamaa avunjike mguu?

Najua kuna mtu atakuja na "kipaji hakifichiki, akistahili atapanda." Mkuu, mwaka 2015 Kris Bryant, mcheza besi ya tatu wa Cubs, timu ya ligi kuu ya Chicago, alipiga homurani (pigo la kuzunguka besi zote) 9 kwenye mechi za maandalizi. Tisa. Wakamrudisha Triple-A, Iowa, eti akaboreshe ulinzi. Msimu ukaanza, mechi nane zikapita, tarehe 17 Aprili wakamwita. Ulinzi uliboreshwa kwa wiki mbili? Mwaka mmoja wa utumishi ligi kuu unahesabiwa kwa siku 172, na miaka sita ndiyo inakufanya huru kwenda utakako. Bryant akamaliza msimu na siku 171. Moja pungufu! Cubs wakapata mwaka mzima zaidi wa kummiliki. Mwaka huo huo akawa mchezaji bora chipukizi, 2016 akawa mchezaji bora wa ligi na ubingwa wakabeba. Akapeleka malalamiko, na mwanzoni mwa 2020 msuluhishi wa mgogoro akasema timu haina kosa. Kama Bryant alifanyiwa hivyo, dogo wangu ni nani?

Na mnaosema "subira yavuta heri" kwa sababu ya Gift Ngoepe, na mimi nampenda, lakini msimalizie hadithi katikati. Infilda wa Afrika Kusini, mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli Randburg, wakaishi kwenye chumba cha klabu hiyo. Pirates, timu ya ligi kuu ya Pittsburgh, walimsajili 2008. Amepanda lini? Tarehe 26 Aprili 2017! Mtu wa kwanza kutoka bara letu kucheza ligi kuu, na mara ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa mrushaji Jon Lester akafika besi ya kwanza. Nilipiga kelele kazini hadi msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Haya, baada ya hapo? Mwaka ule mechi 28, mwaka uliofuata 13 akiwa Toronto, basi. Gongo lilimwangusha, hilo sibishi. Lakini miaka tisa ya kungoja kwa mechi 41, mnaiita heri?

Kwenye pesa ndipo naumia zaidi. Hadi 2022 kima cha chini Triple-A kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Wachezaji wa ligi za chini walipopata chama cha kuwatetea, mkataba wa 2023 ukakifikisha 35,800. Mwaka huo huo kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa 720,000, zaidi ya dola 3,800 kwa kila siku ya msimu. Siku kumi tu juu zinazidi mwaka mzima chini. Siku 43 juu, tayari una haki ya pensheni. Kwa hiyo wakisema "wiki mbili tu tumtazame", wanachezea chakula cha watoto wa mtu.

Nakiri dogo hatakuwa nyota. Gongo lake ni la kawaida. Ila kiti cha benchi anakiweza, nimeona wanaokikalia.

Na kabla hamjaniandikia "si aende Japani", nimeshamwombea. Huko wapo wengi walioishia Triple-A wakaenda kulipwa kama watu. Jumanne wanarudi nyumbani kwa mechi sita, nikimpata karibu na uzio nitamwambia mwenyewe.