Naomba ushauri: saa ya kompyuta inarudi nyuma kila nikichomoa umeme

Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya mezani, ya zamani kidogo, inatumia Windows 10. Nikiizima na kuchomoa waya wa umeme, kesho yake inawaka ikidai ni Januari 2012, na kivinjari kinagoma kufungua tovuti nyingi eti si salama. Nikirekebisha tarehe kwa mkono mambo yanakaa sawa, mpaka nichomoe tena. Nimeshapiga Windows upya (Jumapili nzima imeishia hapo, na wapi!). Kwenye bodi mama nimeona kibetri cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032. Je, huyo ndiye mchawi wangu? Na nikikitoa nibadilishe, mafaili yatabaki salama au niyahamishe kwanza?