Kidani cha akiki kimekatika siku ya kupamba, naomba msaada wa uzi, waya na mawe

UshangaKizingo

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote. Mimi nafanya kazi ya shanga nyumbani hapa Mombasa, huu mwaka wa tatu, nilianza na bangili na vikuku vya shanga za kawaida, mwaka jana nikaingia kwenye mawe, akiki, feruzi, amethisti, manake wateja siku hizi wanataka jiwe hawataki plastiki. Sasa kuna jambo limeniumiza roho sana.

Nilimtengenezea mama mmoja kidani cha akiki nyekundu, sentimita 45, nikatumia mshipi ule mwembamba wa kuvulia samaki maana ndo niliofundishwa nao. Hakikumaliza wiki tatu. Alikivaa siku ya kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi, huko Kibokoni, bibi harusi hajatoka hata, kidani kikakatika, akiki zikaingia chini ya viti, watoto wakawa wanaokota. Nimemrudishia pesa zake zote. Lakini nilipouangalia ule mshipi haukukatika kwenye fundo, umekatika katikati, kata safi kama wembe.

Na sasa nina oda ya bibi harusi mwingine, seti nzima, kidani, herini na kikuku, anataka jiwe la kijani na waya wa rangi ya dhahabu uliosukwa. Amesema lazima iwe tsavoraiti kwa sababu mamake ni wa Taita, huko linakotoka jiwe hilo. Nimepata uzi mmoja wa shanga za kijani, milimita 8, mviringo, zimelingana zote vizuri, nimeuziwa shilingi 1,800 nikaambiwa ni tsavoraiti yenyewe. Waya nilionunua hadwea ni geji 18 (hicho kipimo cha unene) wa brasi, haupiti tunduni, na nikiupinda mara mbili tatu unakatika, halafu ile sampuli niliyovaa mwenyewe siku ya joto imeniacha shingo kijani. Naomba mnielekeze, harusi bado wiki tano.

FundiWaya_Likoni

Waaleikum salaam mwanangu, pole sana. Kazi ikikatika mbele za watu inauma, na umefanya vizuri kumrudishia pesa.

Mshipi wako haukukatika wenyewe, umekatwa na jiwe. Tundu la jiwe hutobolewa kutoka pande mbili, mtobo wa huku na wa kule vikutane katikati, na mara nyingi havikutani sawa, ndani panabaki kama ngazi, na mdomo wa tundu unabaki na makali. Akiki ni jamii ya madini ya kwatzi, ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs unafika 7 hivi, almasi ndo 10, na kisu cha jikoni kiko kama 5 na nusu. Sasa mshipi wako wa nailoni unasuguliwa hapo kila mtu akigeuza shingo, akicheka, akiinama kusalimia. Wiki tatu ni nyingi hata.

Kabla hujatunga fanya hivi. Chukua uzi wa pamba wa kushonea, upitishe tunduni, uvute huku na huku mara kumi. Ukitoka na manyoya, tundu hilo lina makali. Unatafuta tupa ndogo yenye ncha ya almasi, ile nyembamba kama kalamu, unaizungusha kwenye mdomo wa tundu taratibu, pande zote mbili, jiwe likiwa ndani ya bakuli la maji. Maji ni lazima, jiwe lisipate moto na usivute lile vumbi, vumbi la kwatzi linaharibu mapafu. Kisha rudia uzi wa pamba. Mimi hukagua shanga moja moja, kidani cha sentimita 45 cha milimita 6 ni shanga 75, ni kazi ya jioni nzima lakini hakijanirudia kidani tangu nianze kufanya hivyo.

Mshipi wa samaki uwachie wavuvi. Unavutika, na jua likiupiga miezi unakauka unakuwa mkavu kama mbavu ya mnazi. Kwa mawe mazito tumia ule waya laini wa kutungia, ambao ndani ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa na juu kuna nailoni. Kuna wa nyuzi 7, 19 na 49, nyuzi zikizidi waya unalala vizuri shingoni. Mwisho wake haufungwi fundo, unabanwa kwa kishanga cha chuma kwa koleo. Na usikaze mpaka kidani kikasimama kama fimbo, acha nafasi ya milimita moja au mbili mawe yapate kucheza, ukikaza sana kila mkunjo unakula waya palepale penye tundu.

Haya, waya wa kusuka. Geji ikipanda waya unakuwa mwembamba, hapo ndo wengi huchanganyikiwa. Geji 18 ni milimita 1 na kidogo, huo ni wa fremu ya kidani au kulabu, hauwezi kupita kwenye jiwe lenye tundu la milimita 0.8. Kwa kupitisha mawe chukua geji 22, ni milimita 0.64, na kwa lulu geji 24 ambayo ni nusu milimita. Kusuka na kuzungushia juu ya fremu ni 26 au 28.

Kukatika ukipinda ni tabia ya metali, kila unapoikunja inazidi kuwa ngumu mpaka inapasuka. Kitanzi kipinde mara moja, ukikosea kata anza upya, usinyooshe. Mkono ukiwa bado, fanyia mazoezi shaba nyekundu ya waya za stima, ni laini, na ikikakamaa unaipasha moto mpaka iwe nyekundu unaitia majini inarudi laini. Na meno ya koleo yafunge plasta au utepe, la sivyo utaacha alama kila mahali.

MamaKisauni

Pole dada. Mimi namheshimu mzee hapo juu lakini kwa kidani cha harusi bado nasema uzi wa hariri wenye fundo kati ya kila jiwe. Hariri inalala shingoni vile chuma hakilali, na kidani kikikatika linaanguka jiwe moja tu, hayamwagiki yote. Halafu mawe hayasuguani. Matundu yalainishwe kwanza, hapo nakubaliana naye mia kwa mia.

Ila mwambie mteja ukweli kwamba hariri inataka kutungwa upya, kwa jasho la hapa kwetu na mafuta na udi na marashi mimi huwaambia walete kila mwaka kama wanavaa sana. Marashi kwanza, kidani mwisho, si kinyume. Na upige hesabu ya mafundo, kila fundo linaongeza kama milimita moja, shanga 60 za milimita 6 ni sentimita 36 lakini ukifunga mafundo zinafika 42, usije ukabaki na mawe mkononi au kidani kikafika kitovuni.

Bei pia, usiuze kwa kuangalia jirani anauza ngapi. Andika mawe, waya, kulabu, nauli, kisha saa zako, na bibi harusi akupe arbuni ya nusu kabla hujagusa koleo.

MkaaVoi

Habari dada wa Mombasa. Nakuandikia kutoka Voi, haya mawe ndio tunakaa nayo huku na limenigusa hilo la tsavoraiti. Naomba usimpe bibi harusi huo uzi kabla hujasoma hapa.

Tsavoraiti ni aina ya ganeti ya kijani, rangi yake inatokana na metali za vanadi na kromu. Iligunduliwa na mwanajiolojia Campbell Bridges mwaka 1967 upande wa Tanzania, baadaye akaipata huku kwetu Taita Taveta, na jina lilitolewa mwaka 1974 na watu wa Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, kwa sababu ya mbuga ya Tsavo. Tabia yake kubwa ni kwamba mawe yake yanatoka madogo. Jiwe safi likizidi karati 2 tayari watu wanapigiana simu.

Sasa hebu tupige hesabu pamoja. Ushanga mviringo wa milimita 8 una ujazo wa sentimita 0.27 za ujazo. Tsavoraiti ina uzito wa gramu 3.6 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hivyo ushanga mmoja ungekuwa karibu gramu 1, yaani karibu karati 5, maana karati moja ni gramu 0.2. Na uzi wa kawaida wa dukani, wa sentimita 38, una shanga 47. Ungekuwa umenunua zaidi ya karati 220 za tsavoraiti, zote saizi moja, rangi moja, kwa 1,800. Dada, hata mchimbaji mwenyewe hajawahi kuona uzi kama huo.

Namna rahisi ya kujua bila kuharibu kitu: peleka uzi mzima kwa sonara mwenye mzani mzuri. Ganeti itakuja gramu 44 hivi. Kwatzi itakuja 32 au 33. Kioo cha kawaida kitakuwa chini kidogo ya kwatzi au palepale, hapo mwambie akuangalizie na lenzi ya mara kumi, kioo mara nyingi kina viputo vya hewa ndani. Ukiona vimetameta vidogo vidogo kama unga wa maika, ni aventurini, hiyo ni kwatzi ya kijani, jiwe la kweli kabisa, zuri, lakini sio tsavoraiti. Na feruzi zako nazo uziangalie, nyingi ni haulaiti, jiwe jeupe lililotiwa rangi, sugua na pamba yenye rimuva ya kucha mahali pasipoonekana uone kama pamba itabadilika.

UshangaKizingo

Shikamoo mzee wa Likoni, asante mama, na kaka wa Voi sijui nikushukuru vipi.

Jana nimeenda kwa sonara Mji wa Kale, yule baba ameweka uzi juu ya mzani, namba zikapanda zikasimama gramu 33. Nilisimama pale sikuweza kusema kitu. Akanipa lenzi yake nikaangalia mwenyewe, ndani ya kila ushanga kuna vimetameta kama magamba madogo ya samaki, viputo hakuna. Kwa hivyo aventurini.

Usiku nikampigia bibi harusi nikamweleza yote, hata ile hesabu ya karati. Alinyamaza kidogo, nikajua oda imeondoka. Kisha akaniuliza, tsavoraiti moja tu ndogo ingewezekana? Basi hapo ndo naomba msaada tena. Nawaza kidani cha aventurini, na katikati jiwe moja la kweli ndani ya waya wa kusuka. Na je waya gani usiomwachia shingo kijani siku ya harusi yake?

MkaaVoi

Inawezekana sana. Tafuta iliyokatwa, duara, milimita 4, hiyo ni kama theluthi ya karati, kijani chake kinaonekana hata kikiwa kidogo maana inang'aa kuliko kwatzi. Nunua kwa dila mwenye leseni, risiti iandikwe jina la jiwe na uzito wake. Usilitoboe, na usilishike kwa waya pekee, litachomoka. Mwambie sonara alitengenezee kikombe cha fedha au dhahabu chenye kitanzi, wewe uje uzungushie waya nje ya kikombe. Na ile ya kweli mpe mamake aishike kwanza kabla haijaingia kwenye kidani, mama wa Taita atafurahi.

FundiWaya_Likoni

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo kubwa kumpigia simu.

Waya: brasi ni shaba na zinki, na shaba ikikutana na jasho la chumvi na hewa yetu ya bahari inaota kutu ya kijani. Haidhuru ngozi ya wengi lakini nguo nyeupe ya harusi inaharibika. Ukiona mtu anawashwa na kupata vipele basi mara nyingi ni nikeli, hiyo iepuke kabisa kwa herini. Kwa seti hii nunua ule waya uliovikwa dhahabu nzito, ambao dhahabu yake ni moja ya ishirini ya uzito wote, usinunue uliopakwa tu, huo koleo likiugusa mara mbili brasi inachungulia. Ni ghali, kwa hivyo fremu yote isuke kwanza kwa shaba nyekundu mpaka vipimo vikae sawa, halafu ndo ufungue ule wa dhahabu.

Brasi uliyonayo usiitupe, isafishe kwa ndimu na chumvi, suuza, kausha, weka kwenye mfuko wa kufunga na kipande cha chaki kinachovuta unyevu. Ila ndimu isifike karibu na lulu, marijani wala malakiti (lile jiwe la kijani), tindikali inayala. Na amethisti zako zitoe dirishani, jua linazipausha.

MamaKisauni

Na hizo 47 zilainishe matundu leo, usingoje wiki ya mwisho. Kikuku kipime mguuni kwa bibi harusi jioni, asubuhi miguu bado haijavimba, utakifanya kifupi.

UshangaKizingo

Nimeanza mama. Uzi wa pamba umetoa manyoya kwenye shanga 19 za kwanza, bakuli liko hapa mbele yangu maji yamekuwa meupe. Nikimaliza fremu ya shaba ntaweka picha hapa mnikosoe kabla sijagusa wa dhahabu.