Naomba ushauri: msingi wa sanamu ya tanga ufukweni Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu wahandisi na mafundi wa chuma. Tunataka kusimamisha sanamu ya tanga la jahazi hapa Malindi, mahali pa wazi karibu na maji. Ni bamba la chuma lililokunjwa, urefu mita 4, eneo kama mita 6 za mraba, uzito kilo 600 hivi. Uzito haunisumbui. Kinachoninyima usingizi ni upepo, maana tanga limeumbwa kushika upepo, na kusi ya huku mnaijua.

Nimepiga hesabu kwa upepo wa mita 30 kwa sekunde nikapata msukumo wa nusu tani hivi. Kwa hiyo nimechora tofali la zege la mita 1.2 kwa 1.2, kina sentimita 80, karibu tani 2.8. Kwenye karatasi halipinduki. Lakini watoto watalipanda tanga tu, hata ukiweka kibao cha kuwakataza.

Shida ni ardhi. Tulipochimba tulikuta mchanga kidogo, kisha mwamba wa matumbawe wenye matundu matundu. Sururu mahali inazama, mahali inaruka. Fundi mmoja anasema tutoboe mwamba tugandishe nondo ndani yake kwa gundi ya epoksi, tupunguze zege. Mimi siuamini mwamba huo.

Naomba mnijibu mawili. Je, nondo za epoksi hushika kwenye matumbawe, au nibaki na zege zito? Na bolti: za stenlesi 316 (chuma kisichoshika kutu upesi) zikigusana na bamba la chuma cha kawaida hazitalila kwa kutu katika chumvi hii, hata nikiweka washa za plastiki?