Mjadala: Kihispania cha mwanzo kwa masikio tu, bila kitabu wala daftari, kinawezekana?

Wadau, kila mtu anapouliza aanzeje kujifunza kuzungumza Kihispania, ubishi ni ule ule. Kundi moja linasema: chukua masomo ya sauti, sikiliza, rudia, usiandike hata neno, maana mtoto huongea kabla ya kusoma. Kundi la pili linajibu kwamba huo ni ukasuku, na bila sarufi hujui unachosema.

Msimamo wangu ni huu: sauti itangulie, na sitarudi nyuma katika hilo. Lakini anayeishia kwenye sauti peke yake atajua kuuliza, na akijibiwa hataambulia kitu.

Kwanza nawapa haki yao watetezi wa sauti. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunajiona tumeshafika, kwa sababu irabu za Kihispania ni zetu zile zile tano, na mkazo mara nyingi hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Raha hiyo ndiyo inayotuponza. "Hablo" yenye mkazo mwanzoni ni "nazungumza". "Habló" yenye mkazo mwishoni ni "alizungumza". Mdomo uliozoea Kiswahili huuvuta mkazo urudi nyuma, na aliyetaka kusimulia habari za mwenzake anajikuta anajisema mwenyewe. Kitabu kitakuonyesha alama juu ya o, ila kuizoea ni kazi ya sikio. Kadhalika "pero", yaani lakini, na "perro", yaani mbwa: tofauti ni r inayogusa mara moja na ile inayotetemeka. Na aliyeanzia kwenye maandishi hung'ang'ania kutenganisha b na v, wakati Wahispania huzitamka sawa.

Kuna pia suala la kumbukumbu. Mwaka 1967 Paul Pimsleur, Mmarekani ambaye jina lake bado liko kwenye kozi za sauti, alipendekeza ratiba ya kukumbushwa neno jipya: baada ya sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, na kuendelea hadi miaka 2. Ni vigumu kujipangia hivyo ukiwa na daftari. Somo lililorekodiwa linakupangia. Lakini nguvu yake imo katika kile kimya baada ya swali. Kimya hicho kimewekwa ili utafute jibu kichwani na kulitoa kwa sauti kabla mwalimu hajalisema. Wengi husikiliza huku wakifanya kazi nyingine, kimya kinapita, jibu linakuja, wanatikisa kichwa kwamba walilijua. Hawakulijua, walilitambua tu, na mbele ya mtu halisi hakuna atakayewatangulizia jibu. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu watu huacha lugha wakidhani hawana kipaji, kumbe hawajawahi kufungua mdomo.

Sasa hoja ya mtoto. Mtoto ana miaka, na ana watu wanaomsemesha kutwa. Wewe una nusu saa. Kozi ya masomo 30 ya nusu saa ni saa 15 tu. Wanadiplomasia wa Marekani hupewa takriban wiki 24 hadi 30 za darasa la kutwa kwa Kihispania, lugha inayohesabiwa kuwa rahisi kwao. Tena mtu mzima akionyeshwa mara moja kwamba ni "hablo, hablas, habla", yaani nazungumza, unazungumza, anazungumza, anaweza kunyambua vitenzi vingi vinavyoishia na -ar siku hiyo hiyo. Kumnyima ukurasa mmoja wa sarufi ni kumchelewesha bure.

Tatizo kubwa zaidi ni majibu. Somo la sauti linajua utauliza nini, nalo linakujibu taratibu na kwa ufasaha. Mtu wa Cuba au wa kusini mwa Hispania anaidhoofisha s mwishoni mwa silabi, "está", yaani yupo, inasikika kama "ehtá". Argentina watakuambia "vos tenés" pale kozi yako ilipokufundisha "tú tienes", yote mawili yakiwa na maana ya "wewe una". Hispania wana "vosotros", yaani nyinyi, ambayo kozi zinazofuata Kihispania cha Amerika ya Kilatini huiacha. Kagua kozi yako inafuata Kihispania cha wapi kabla hujaianza.

Pendekezo langu: sikiliza somo bila maandishi na ujibu kwa sauti. Likiisha, ndipo usome maneno yake, kisha uandike sentensi chache kwa kusikiliza. Tahajia ya Kihispania inafuata kanuni, haitakuharibia matamshi ukiwa umeshasikia. Na mapema kabisa, hata ukiwa huelewi nusu, tafuta maongezi ya watu wawili wasiokupunguzia mwendo.

Basi watetezi wa sauti tupu, nijibuni hili: anayesikia "vaser" ndani ya sentensi ya haraka atajuaje kwamba ni maneno matatu, "va a ser", yaani itakuwa, kama hajawahi kuyaona? Na nyinyi wa kitabu kwanza: mwanafunzi wenu aliyemaliza sarufi yote anachukua muda gani kujibu "¿De dónde eres?", yaani unatoka wapi, bila kutunga jibu kwanza kichwani?